Neno la Kinorwe na Paa la Mama Riziki

Bati hupigiliwa kwenye mgongo, si kwenye bonde. Maji hupita bondeni, na ukitoboa bonde umeyafungulia mlango. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi ya paa, na nimelirudia kwa kila kijana niliyefanya naye kazi, mpaka wakawa wanalisema kabla sijafungua mdomo, tena kwa sauti yangu na kikohozi changu. Likumbukeni.

La pili: paa likivuja, usikimbilie palipolowa. Maji huingilia upande mmoja, yakatembea juu ya mbao, yakaja kudondokea chumba kingine kabisa. Chukua mpira wa maji, anza kumwagia chini kabisa ya paa, halafu panda polepole. Mwenzako akae ndani akitazama juu. Akipiga kelele, simama, ni hapo. Ukianzia juu utalowesha paa zima na hutajua kitu. Mmalawi aliyenifundisha haya kule Harare aliniweka ndani siku zangu zote za mwanzo, nipige kelele. Alisema nina kipaji cha kupiga kelele.

Jina langu ni Mbwambo, mtu wa Same. Nakaa Joubert Park, ghorofa ya juu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilistaafu kabla ya magoti yangu. Shule niliiacha darasa la sita, wala hakukuwa na kisa cha kusikitisha. Dirisha la darasa lilitazama barabara kuu, na mimi nilitaka kujua yale malori yanakwenda wapi. Nilidandia moja nikajua: yalikuwa yanakwenda Tanga. Baada ya Tanga nikataka kujua ya Tanga yanakwenda wapi, na hivyo hivyo, Mbeya, Lilongwe, Harare, hadi hapa Joburg. Kila mji nilikaa mpaka nilipojua kazi yao na maneno yao, kisha miguu ikaanza kuwasha.

Ninyi mliozaliwa hapa, mnaosikia Kiswahili cha wazazi wenu na kujibu kwa Kizulu, mtanielewa nikisema kwamba maneno ni vitu vya kuokota. Wengine huokota chupa. Mimi huokota maneno. Nikisikia neno geni nalibeba, nalionyesha watu, nauliza limetoka wapi, limezaa nini. Ni ugonjwa usio na madhara, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo nataka kuwasimulia.

Mwaka 2017, baridi ikiwa inaisha, niliitwa Kensington ya hapa Joburg na bibi mmoja Mnorwe, Bibi Solveig. Nilipogonga geti nilisikia, "Karibu mzee, pole na jua," nikageuka nyuma nimwone Mtanzania aliyesema. Kumbe ni yeye. Alikuwa mkunga kule Mbulu kwa miaka mingi, kabla marehemu mumewe hajahamia huku kwa kazi ya migodi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha binti zangu, jambo ambalo binti zangu hawapendi niliseme.

Nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha kofia ya paa lake, lile bati linalofunika kilele, alipokuja kusimama chini na kikombe cha kahawa.

"Unafanya peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu, bibi."

"Kwetu zamani paa halikufanywa na mtu mmoja. Lisingewezekana."

Mwambie fundi wa paa kwamba kuna paa asilolijua, hatalala. Niliuliza la kwao ni la nini. Akasema, la udongo. Nilidhani Kiswahili kimemwishia. Lakini alimaanisha udongo kweli: juu ya mbao waliweka magome ya mti, tabaka kwa tabaka, na juu ya magome vipande vizito vya udongo wenye nyasi hai. Nyasi zikaendelea kuota juu ya nyumba.

"Na mbuzi?"

"Wakati mwingine mbuzi alikuwa huko."

Taabu ya magome hayo, alisema, ni kwamba yakikauka yanajikunja. Ukiyatandaza asubuhi usipoyagandamiza kwa udongo mapema, yanajiviringa kama mkeka. Kwa hiyo paa zima lilitakiwa kufanywa kwa siku moja, na familia moja haina mikono hiyo. Wakaja majirani wa bonde lote. Hawakulipwa. Waliitwa kwa neno moja: dugnad.

Nilishuka ngazi. "Sema tena."

Akasema tena, akiibana ile g ikatokea puani. Nilimsumbua mpaka kahawa ikapoa. Aliniambia neno hilo ni la kale sana, limetoka kwenye lugha ya mababu zao, na lilimaanisha msaada. Ndani yake kuna kitenzi ambacho bado wanakitumia: duge. Kisu kisichokata, hakidugi. Kiatu kinachoingiza maji, hakidugi. Kitu kinachoduge ni kile kinachofaa, kinachotosha kwa kazi yake. Kwenye ukoo huo huo wana neno jingine, dyd, ambalo ni ule wema wa tabia ya mtu. Siku hizi hawana tena mapaa ya udongo, isipokuwa ya kutembelewa na watalii, lakini neno limebaki. Theluji ikiyeyuka, watu wa fleti moja hutoka siku moja kufagia ua na kupaka rangi bembea za watoto, na hiyo ni dugnad. Waliwahi kuulizwa wachague neno la taifa lao, wakachagua hilo.

"Kwa Kiswahili ningesema ni kufaana," alimalizia.

Nilibaki nimeshika nyundo. Neno la mama yangu, nililolisikia tangu mgongoni mwake, nimeletewa na Mnorwe kwenye ua wa Kensington.

"Asiyekuja anafanywa nini?" niliuliza. "Kwetu Upareni pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia usipotokea, wazee wanakuja kuchukua mbuzi wako."

"Hafanywi kitu. Anatazamwa."

"Basi hiyo nafuu."

"Mzee Mbwambo, mbuzi unatoa mara moja. Majirani wanakutazama mpaka unahama."

Kisha alisema jambo la mwisho, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote: mwenye kazi ndiye anayepika, na anapika kabla ya kuita, kwa sababu watu wanakuja kwa mtu, hawaji kwa kazi. Nililisikia. Lakini wakati huo nilikuwa natafuna keki yake ya iliki, na mtu akitafuna, masikio hufanya kazi nusu siku.

Sasa njooni Bertrams. Mama Riziki, mwanamke wa Bukavu, alikuwa na nasari kwenye chumba kikubwa cha nyuma cha nyumba moja kuukuu. Aliwalea watoto wa wasusi na walinzi, watu wanaotoka gizani na kurudi gizani. Dari la chumba hicho lilishaoza na kutolewa, na mabati yalikuwa na kutu hadi ukiwa ndani mchana unaona nyota. Msimu uliopita watoto walilala wamesogezwa kona moja kama kuku. Mwenye nyumba akamwambia waziwazi: mvua za kwanza zikija nitapita kuangalia. Ukuta ukilowa tena, ondoa watoto, hicho chumba nakifanya stoo ya matairi. Mama Riziki hakuwa na pengine pa kwenda, na wale wazazi hawakuwa na pengine pa kuwaacha watoto.

Wazazi walichanga, mabati mapya yakapatikana. Nguvu ya kuyapandisha ndiyo haikuwapo, na siku ambazo chumba hakikuwa na watoto ni Jumamosi na Jumapili tu. Na mimi, vijana, nilikuwa na neno jipya mdomoni.

"Mama, watu wa kazi niachie mimi," nilisema. "Paa zima, Jumamosi moja. Nina neno."

"Neno gani?"

"La Kinorwe."

Alinitazama. "Papa Fundi, mimi ninatafuta bafundi. Kinorwe nitafanya nacho aye?"

Jumapili nilisimama mlangoni mwa kanisa lake watu wakitoka. Nilitaka kuwaonyesha Wakongomani kwamba na mimi naijua nchi yao, nikaokota neno lao wenyewe la kazi ya pamoja, nililowahi kulisikia kwa kinyozi. Nikapaza sauti, "Jumamosi asubuhi, salongo kwa Mama Riziki! Wote mfike!" Walitabasamu, wakanishika mkono, wakasema ndiyo Papa, asante Papa. Nikaondoka nimejaa kifua.

Nikapita kwa Bab' Sithole, jirani wa Mama Riziki ukuta kwa ukuta. Huyu alikaa Morogoro miaka ya ukimbizi, akaoa huko, na Kiswahili chake kina vumbi lakini kinatembea. Nikamweleza dugnad.

"Kwetu hiyo ni ilima," alisema. "Unamlimia jirani, halafu unakunywa bia yake. Bia ipo?"

"Bia hakuna."

"Nyama?"

"Sijafikiria."

"Eish, madala. Basi hiyo ni kazi tu."

Jumamosi nilifika kukipambazuka. Hapa ndipo akili yangu ilipofanya mambo. Nilijiambia, umati ukifika usikute nahangaika na kutu, ukute kazi iko tayari. Nikapanda, nikaanza kuvua mabati ya zamani peke yangu, bati kwa bati, nikiyatupa uani. Kila kundi la watu lililopita barabarani nililinyoshea mkono. Nao walininyoshea, wakapita. Jua lilipofika utosini chumba cha nasari kilikuwa na vitanda vidogo, picha ya twiga ukutani, na mbingu.

Aliyefika ni mmoja, Bibi Solveig, niliyekuwa nimemdokezea, na chupa ya kahawa na keki. Alisimama katikati ya vitanda, akatazama juu, akaniona nimekaa juu ya mbao kama kunguru.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja."

Yaliyokuwa yanakuja ni mawingu. Mnaujua Oktoba wa Joburg. Asubuhi ni buluu tupu, na mchana mawingu yanajipanga upande wa kusini kama watu wa foleni, na alasiri yanashuka na mvua ya mawe. Hiyo ingekuwa ya kwanza ya msimu. Mvua ambayo mwenye nyumba alikuwa anaingoja.

Mama Riziki alitoka jikoni, akatazama mawingu, akatazama mbao, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Papa Fundi. Uliwaambia aye pale kanisani?"

"Niliwaambia vizuri tu. Nilisema salongo."

"Salongo!" Akashika kiuno. "Ulisimama mbele ya nyumba ya Mungu ukasema salongo? Baba yangu alifagia barabara kwa salongo, askari nyuma yake! Ulisikia salongo, ulificha jembe, ulikimbia kwa shemeji! Watu hapa bamekimbia inchi nzima, na wewe unabaita kwa salongo?"

"Lakini walisema ndiyo."

"Kwa salongo kila mutu alisemaka ndiyo!"

Bibi Solveig alimgeukia taratibu. "Mama, kuna chakula chochote?"

Mama Riziki alielewa mara moja, jambo ambalo mimi nililitafuna na keki nikalimeza. Akawasha moto uani. Sufuria la sombe, kisamvu cha kwao, likapanda, lile kubwa la harusi, na samaki, na Bibi Solveig akavua saa yake akaanza kumenya vitunguu. Kisha Mama Riziki akatoka mtaani na khanga ile ile ya jikoni, mlango kwa mlango. Baadaye Fidèle, fundi cherehani na kiongozi wa kwaya, aliniambia alichosema. Hakutaja salongo, wala dugnad, wala msaragambo. Alisema, "Mukuje. Batoto habana paa."

Walikuja mbio. Kwaya ilikuja nzima kutoka mazoezini, na viatu vya kung'aa. Msusi mmoja alikuja na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama, na wote wawili wakashika bati. Bab' Sithole alichungulia juu ya ukuta, akanusa, akatoweka, akarudi na ngazi yake.

"Sasa hii ni ilima," alisema.

Umati niliotaka ulifika, na mimi nikawa bosi. Nilisimama juu nikatoa hotuba. Bati linaanzia chini kwenda juu. Skrubu kwenye mgongo, si bondeni. Mpira wa washa, ule wa chini ya kichwa cha skrubu, ukae sawa, usikazwe ukapasuka. Na zaidi ya yote, usikanyage katikati ya mbao na mbao, tembea pale tu penye mbao.

"Kwa mfano," nikasema, nikiwageukia wale wa upande wa jikoni, "mtu akikanyaga hapa..."

Jikoni dari lilikuwa bado lipo. Kwa kweli lilikuwepo mpaka nilipotoa mfano. Mguu wangu mmoja ulipita hadi kwenye paja, ukaning'inia huko chini juu ya meza ambapo Bibi Solveig alikuwa anakata keki. Nilimsikia akisema, bila kushtuka, kama mkunga aliyekwisha kuona mengi, "Umetanguliza mguu, mzee. Hiyo si dalili nzuri."

Walicheka mpaka mteja wa nusu kichwa akakaa chini. Kisha, na hili ndilo liliniuma kuliko paja, waliendelea na kazi. Hakuna aliyengoja nitoke. Fidèle ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu bati na nguo kwake ni kitu kimoja: pindo la juu linalalia la chini, na mshono unaupa upepo mgongo. Kwaya ilipandisha mabati kwa wimbo, sauti ya kwanza ikivuta kamba, ya tatu ikisukuma kutoka chini. Bab' Sithole alikaza skrubu huku akiwafokea wote kwa Kizulu, nao wakimjibu kwa Kifaransa, na bati likakaa. Niliyatazama yote hayo nikiwa nimezama nusu, kama mtu anayeoga. Mwishowe Mama Riziki aliusukuma mguu wangu kutoka chini kwa mpini wa fagio, Fidèle akanivuta makwapani, nikatoka.

Lilikuwa limebaki bati moja. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, makubwa na ya baridi.

"Shuka, Papa, pumzika," alisema Fidèle.

"Hili la mwisho ni langu," nikasema. "Mimi ndiye fundi."

Nikalipiga lote, mbio mbio, mawe yakinigonga mgongoni, nikashuka wa mwisho kama nahodha.

Tulisongamana wote chumbani kati ya vile vitanda, tumetazama juu. Mvua ya mawe juu ya bati jipya haisemeki. Unaisikia mpaka kwenye meno. Mama Riziki alikuwa amefunga macho. Ilipotulia kidogo tukasikia: to. Halafu tena: to. Tone moja, mahali pamoja, juu ya kitanda kimoja kidogo, na mchirizi mwembamba uliokuwa unautafuta ukuta wa twiga.

Bibi Solveig alikunywa kahawa iliyobaki akaweka kikombe chini ya lile tone. "Kwa usiku huu, kinaduge," alisema.

Lakini mwenye nyumba angekuja kesho yake mchana, na kila mtu pale alilijua hilo. Sikulala. Asubuhi mapema nilichechemea kwenda Bertrams nikazibe kabla watu hawajaamka. Niliwakuta Fidèle na Bab' Sithole wako juu ya paa tayari, Fidèle na suti ya kanisani, wakimwaga maji kwa mpira.

Walikuwa wanaanzia juu. Hilo angalau nililiweza.

"Chini!" nikaita. "Anzieni chini, mpande polepole!" Nikaingia ndani, nikatazama juu, nikangoja. Maji yalipofika mahali fulani karibu na kofia, nikapiga kelele. Yule Mmalawi hakukosea kuhusu kipaji changu. Bab' Sithole akang'oa kitu, Fidèle akaziba tundu kwa kitambaa na lami, na ukuta ukapigwa na jua mpaka ukakauka.

Mwenye nyumba alikuja. Alipapasa ukuta kwa kiganja, kona zote nne. Alipapasa hata twiga. Mama Riziki alimfuata nyuma, mikono ndani ya khanga. Mwisho yule bwana alisema, "Sharp," neno la huku la kukubali, akatazama chumba kwa masikitiko kidogo, nadhani kwa ajili ya matairi yake, akaondoka. Watoto wapo humo mpaka leo ninapoandika, mwaka 2019, na mvua mbili za Oktoba zimepita juu yao.

Geti lilipofungwa Mama Riziki alikaa chini palepale barazani akalia kidogo, kisha akainuka akapasha moto sombe lililobaki. Tulikuwa tunakula sote wa jana wakati Bab' Sithole alipotia mkono mfukoni, akaweka skrubu mezani, katikati ya sahani.

"Hii ndiyo ilikuwa inavujisha," alisema. "Ilipigwa bondeni. Katikati kabisa ya bonde. Nataka kujua ni nani."

Fidèle akamtazama msusi. Msusi akamtazama mteja wake, ambaye sasa alikuwa amesukwa kichwa kizima. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakanitazama mimi, na hapo ndipo nilipoelewa Bibi Solveig alimaanisha nini kuhusu kutazamwa.

"Ndugu zangu," nikasema, "hii ilikuwa dugnad. Kwenye dugnad haiulizwi nani alipiga skrubu gani."

Bibi Solveig aliweka kijiko chini. "Mzee Mbwambo, maana hiyo haimo kwenye Kinorwe."

"Najua, bibi," nikamwambia. "Nimewaongezea."